Ukuta ni wa landilodi, fremu ni yako: Okoa posta yako kwa soo sita

“Bado unayo ile posta?”

Beste yangu aliniuliza hivyo kwa simu usiku mmoja akiwa Qatar, anakofanya kazi ya ulinzi. Yeye alikuwa ametoka shifti, mimi nilikuwa nusu usingizini. Nikamwambia ninayo. Kitu sikumwambia ni kwamba ile niliyo nayo ina kona tatu.

Wacha nieleze. Posta ninayoisema hapa si ile ya kutuma barua. Ni karatasi ya kubandika ukutani: bango la filamu, la timu, la msanii, la shoo. Miaka kadhaa iliyopita mimi na huyu jamaa tulipanga bedsita moja mtaani Umoja. Yeye ndiye alikuwa na mkono wa kuchora. Tulipoandaa usiku wetu wa kwanza wa mashairi na rap, kwenye ukumbi wa kanisa (pasta alikubali kwa sharti moja tu, kwamba tusitukane), alikesha kwa laptopu akichora posta. Tukachapisha 20, saizi ya A3. Kumi na tisa tulizibandika kwenye milingoti ya stima, mvua ikazimaliza. Moja tukaiweka kejani juu ya kitanda, tukaishika kwa selotepu kona zote nne. Chini upande wa kulia akatia sahihi yake kwa kalamu.

Halafu laptopu ikaibwa. Faili haipo tena. Iliyobaki ni ile karatasi moja ukutani.

Siku ya kuhama, mkokoteni ukiwa nje na mwenye mkokoteni akipiga kelele, niliivuta. Selotepu ya juu iling'oka na rangi ya ukuta. Ya chini kulia ilikataa kung'oka, ikabaki na kona yenye sahihi. Landilodi alipokuja kukagua, alikata elfu tatu kwenye depositi yetu ya elfu saba, ati ya kupaka upya. Akapaka rangi ya krimu juu ya kila kitu. Sahihi ya beste yangu iko chini ya rangi hiyo mpaka leo.

Pesa na kona, vyote vilienda siku moja kwa sababu ya selotepu ya shilingi thelathini.

Baada ya ile simu ya Qatar, niliamua kilichobaki hakitapotea. Nikaenda kwa duka moja la fremu tauni, nikaulizia bei ya A3 yenye kioo. Elfu moja mia nane. Nilikuwa kwenye msoto, kodi imepita na stima imebaki uniti nne. Nikashukuru, nikatoka. Wiki hiyo nikaanza kuuliza mafundi maswali, na wiki iliyofuata nikatengeneza fremu yangu mwenyewe. Ilinigharimu mia sita.

Nimehama mara nne kwa miaka mitano, na najua si mimi pekee. Kila keja tunaacha kitu ukutani. Haya ndiyo niliyojifunza, ili wewe usiache kona.

Mbona karatasi hufa?

Kwanza uelewe adui yako. Nina ukurasa wa gazeti wa Oktoba 2019, Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni jijini Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Niliubandika kando ya dirisha. Haukumaliza mwaka kabla ya kugeuka rangi ya chai ya maziwa, na ukiukunja unavunjika kama chapati ya jana.

Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa, na ndani yake hubaki lignini, ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mti. Lignini ikipigwa na mwanga na hewa hugeuka manjano na kutoa asidi, na asidi ndiyo hufanya karatasi iwe mkavu na dhaifu. Katoni na hadibodi pia hutokana na mbao, na lignini hubaki ndani yake. Ndiyo maana ukiweka posta yako moja kwa moja juu ya katoni kwa miaka, madoa ya kahawia hujitokeza kutoka nyuma.

Adui wa pili ni selotepu. Gundi yake huzeeka, ikawa manjano, ikapenya ndani ya karatasi. Doa lake ni gumu sana kutoa.

Wa tatu ni jua. Posta iliyochapwa kwa printa ya wino wa maji, hasa wino wa bei rahisi, hupauka haraka: nyekundu inakuwa waridi, nyeusi inakuwa kijivu. Ukienda saiba kuchapisha, uliza kama wana printa ya leza. Rangi yake ni unga unaoyeyushwa juu ya karatasi, na huvumilia zaidi. Hata hivyo, usiitundike yoyote mahali jua la mchana linapiga moja kwa moja. Kioo cha kawaida hakitaikinga vya kutosha.

Kuna wale watasema, “Si uipeleke tu laminesheni?” Kwa kadi ya chama ni sawa. Kwa kitu ambacho hakina kingine, usijaribu. Ile plastiki hushikanishwa na karatasi kwa joto, na ikishashika haitoki. Posta yako inakuwa sehemu ya plastiki milele, na hewa au maji yakiingilia pembeni, huna la kufanya.

Sheria niliyojiwekea ni hii: usiifanyie posta kitu ambacho huwezi kukiondoa.

Kabla ya fremu: piga picha

Nilijifunza hili nikiwa nimechelewa. Kabla hujagusa mbao yoyote, ipeleke posta iskaniwe, au uipige picha mchana kwenye kivuli, simu ikiwa sambamba na karatasi. Ukimtumia mtu kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, si kama picha, kwa sababu WhatsApp hubana picha na kuipunguza ubora. Ili A3 ichapwe ikiwa safi kabisa, picha inafaa kuwa na pikseli kama 3508 kwa 4961. Nusu ya hapo, 1754 kwa 2480, bado inapendeza ukiitazama ukiwa hatua mbili mbali.

Ukiwa na nakala hiyo, hata nyumba ikiingia maji hujapoteza yote. Mimi ninayo ya kona tatu. Ya kona nne hakuna mtu anayo.

Njia ya kwanza: fito nne na uzi

Hii ni ya posta ambayo ukiipoteza hutalia, mfano ya filamu uliyojichapishia saiba. Haina kioo wala fremu.

Nunua ufito wa mbao wa futi tano, upana kama inchi moja. Ukate vipande vinne vya sentimita 33. A3 ina upana wa sentimita 29.7, kwa hivyo kila upande kipande kitazidi karatasi kwa sentimita moja na nusu hivi. Weka ukingo wa juu wa posta katikati ya vipande viwili kama mkate na siagi, kisha uvikaze kwa skrubu moja kila mwisho, pale ambapo hakuna karatasi. Fanya vivyo hivyo chini. Posta haitobolewi hata tundu moja. Funga uzi juu, tundika. Vipande vya chini vinainyoosha kwa uzito wao.

Mimi hulipa shilingi ishirini kwa futi ya ufito, yaani mbao kwa mbao. Ukiongeza skrubu nne na uzi, hupiti mia na hamsini. Siku ya kuhama unaizungusha kama mkeka na kuiweka kwenye begi.

Njia ya pili: nunua picha mbaya

Sokoni Gikomba na Toi, kwenye mitumba ya vyombo vya nyumba, utapata picha za mashua, za maua, za farasi wa watu usiowajua. Usiangalie picha, angalia fremu. Mimi nimewahi kununua moja kwa mia na hamsini, farasi nikampa mtoto wa jirani.

Lakini kuna mtego. Fremu ya mitumba inaweza kuwa imetoka Marekani, na kule hupima kwa inchi. Karatasi zetu ni za mfumo wa A. Vipimo havioani. Fremu ya inchi 8 kwa 10 ni ndogo kuliko A4, usiinunue ukidhani utalazimisha. A4 inakaa vizuri ndani ya 11 kwa 14. A3 inakaa ndani ya 16 kwa 20. Nafasi itakayobaki kandokando utaijaza kwa karatasi ya manila nyeupe uliyoikata dirisha katikati. Dirisha liwe dogo kuliko posta kwa milimita tano kila upande, ili liishike bila kuonyesha ukingo. Tena manila hiyo ina kazi nyingine: inazuia kioo kisigusane na posta. Unyevu ukiingia, karatasi inayogusa kioo hunata, na ukiivuta wino unabaki kwenye kioo.

Beba rula sokoni. Chunguza kioo kama kina ufa, na tikisa kona uone kama zinacheza. Toa ubao wa nyuma uangalie kama kuna vumbi la mchwa au mayai ya mende, usije ukaleta wapangaji wengine kejani.

Njia ya tatu: tengeneza mwenyewe

Sasa hii ndiyo iliyookoa posta yangu. Watu huogopa fremu kwa sababu ya zile kona za kukatwa mshazari. Ukikosea kidogo tu, nafasi inabaki wazi kama jino lililong'oka. Fundi mmoja Gikomba alinicheka, kisha akanionyesha njia isiyo na mshazari hata mmoja: fremu mbili, moja juu ya nyingine, na viungo vyake visikutane.

Unahitaji fito za aina mbili, zote za unene wa sentimita 1. Za mbele ziwe na upana wa sentimita 4. Za nyuma, sentimita 3. Nunua futi sita za kila aina. Mwambie mwenye mashine akupasulie na akukatie hapo hapo, kwa sababu mashine inanyoosha kuliko mkono wako na msumeno wa kuazima.

Kwa posta ya A3, vipande ni hivi:

Mbele: viwili vya sentimita 48.3 na viwili vya sentimita 28.

Nyuma: viwili vya sentimita 36 na viwili vya sentimita 42.3.

Kioo: sentimita 30 kwa 42.3, unene wa milimita 3. Duka la vioo watakukatia. Wape vipimo kwa milimita, 300 kwa 423, kusiwe na mabishano. Ubao wa nyuma wa hadibodi ni saizi hiyo hiyo, ila ukiwa mdogo kwa milimita moja au mbili ndiyo bora.

Tandaza magazeti sakafuni. Panga vipande vya mbele vikiwa vimelala: vile virefu kushoto na kulia, vifupi katikati yao juu na chini. Paka gundi nyeupe ya mbao kwenye viungo. Sasa chukua vipande vya nyuma, paka gundi upande wa chini, uvilaze juu ya vya mbele, ukingo wa nje ukilingana kabisa na wa nje. Safari hii, vile vya sentimita 36 ndivyo viende juu na chini kutoka mwisho hadi mwisho, vya 42.3 vikae katikati yao. Hivyo kila kiungo cha mbele kinafunikwa na ubao mzima wa nyuma. Hapo ndipo nguvu inatoka, hakuna haja ya msumari kwenye kona.

Kwa kuwa fito za nyuma ni nyembamba kwa sentimita moja, ndani utabaki na ukingo wa sentimita moja kuzunguka pande zote. Kioo kinakalia hapo.

Kabla gundi haijakauka, pima kutoka kona hadi kona, halafu kona nyingine hadi nyingine. Vipimo viwili vikilingana, fremu imenyooka. Visipolingana, isukume taratibu mpaka vilingane. Futa gundi iliyotoka nje kwa kitambaa kibichi, maana ikikaukia hapo rangi haitashika. Kisha weka uzito juu. Hapa Nairobi hakuna mtu hana mitungi ya maji. Mtungi wa lita 20 ukijaa ni kilo 20. Mimi niliweka ubao juu ya fremu, na mitungi miwili juu ya ubao, nikalala.

Asubuhi, piga msasa mpaka mkono ukipita usikwaruzwe. Vanishi ni ghali na inanuka bedsita nzima, kwa hivyo nilitumia rangi ya viatu ya kahawia. Paka kwa kitambaa, acha dakika ishirini, sugua kwa kitambaa kingine, rudia. Mbao ya saipresi inakunywa rangi hiyo vizuri, na mgeni hawezi kujua.

Kuiweka posta ndani

Polepole hapa, kwa sababu hapa ndipo watu huharibu.

Safisha kioo pande zote mbili, kikauke kabisa. Kiingize. Kata fito nyembamba za manila, upana milimita 7, uzibandike tabaka nne juu ya nyingine, kisha uzipange kuzunguka ukingo wa kioo. Hizo ndizo zitatenganisha kioo na posta, na ukiangalia kwa mbele hutaziona, zimefichwa na ule ukingo wa mbao.

Sasa posta yenyewe. Usiibandike kwa gundi. Chukua kipande cha manila nyeupe saizi ya hadibodi. Kunja karatasi nyeupe ndogo ziwe vifuko vya pembetatu, vile vilivyokuwa vikishika picha kwenye albamu za zamani, kila upande usizidi sentimita moja na nusu. Gundisha vifuko hivyo kwenye manila, si kwenye posta, vikauke, kisha uchomeke kona za posta ndani yake. Posta inashikiliwa bila kuguswa na tone la gundi. Yangu ina kona tatu, kwa hivyo ilipata vifuko vitatu, na ikakaa.

Mwisho weka hadibodi. Ile manila nyeupe ndiyo inaikinga posta na hadibodi. Pigilia misumari midogo minne au sita kwa ubavu kwenye fito za nyuma, ili vichwa vyake viishike hadibodi isianguke. Taratibu, kioo kiko chini hapo.

Hesabu yangu ilikuwa hivi: mbao 240, kioo 150, hadibodi ya mabaki 50, gundi ndogo 80, msasa 30, manila 30, misumari 20. Jumla 600. Rangi ya viatu nilikuwa nayo, na nyundo ni ya keateka wa ploti. Bei zako zinaweza kupanda au kushuka kulingana na mtaa na jinsi unavyojua kubishana. Fremu ya pili huwa rahisi zaidi, kwa kuwa gundi, misumari na manila hubaki.

Landilodi hataki msumari

Sasa unayo fremu, lakini ukuta si wako.

Nyumba nyingi za kupanga hapa ni za mawe na plasta. Msumari wa kawaida unapinda, na ukiulazimisha unaangusha kipande cha plasta kikubwa kama sahani. Anza kwa kutafuta msumari ulioachwa na mpangaji aliyekutangulia, karibu kila nyumba unao. Ukiukosa, tumia kamba ya nailoni ushushe fremu kutoka kwa fimbo ya pazia, mradi iwe imekazwa vizuri na isiwe mbele ya dirisha lenye jua. Au usiitundike kabisa. Isimamishe juu ya kabati au meza, imeegemea ukuta. Yangu ilikaa juu ya friji ndogo miezi minane na wageni wakadhani ni staili.

Zile kulabu za kubandika zinashika kwenye vigae na kwenye rangi ya mafuta. Kwenye rangi ya maji huanguka na rangi yenyewe, tukarudi kule kwa elfu tatu. Kumbuka pia kwamba kioo cha A3 cha milimita 3 peke yake kinakaribia kilo moja. Usikitundike juu ya kitanda.

Kama ni lazima upige msumari, omba ruhusa kwa ujumbe wa simu, si kwa mdomo, ili jibu libaki limeandikwa. Na siku ya kwanza unapoingia, piga picha kuta zote nne kabla hujaingiza hata godoro. Mimi sikufanya hivyo Umoja, nikakosa la kumjibu.

Kwa bedsita, epuka ukuta ulio juu ya jiko, mafuta na mvuke vitafika. Epuka ukuta unaopakana na bafu. Ukipata mahali pazuri, katikati ya picha iwe kama sentimita 150 kutoka sakafuni, usawa wa macho. Wengi hutundika juu sana, mpaka unatazama posta kama unatafuta ndege.

Msumari wa pili

Nyumbani kwetu, sebuleni, kuna picha ya dada yangu akiwa na joho na kofia siku ya kufuzu. Fremu ya dhahabu, kioo kinang'aa. Kando yake kuna msumari. Mathe aliupigilia siku hiyo hiyo, akaniambia, “Huo ni wako.”

Niliacha chuo mwaka wa pili. Karo iliisha kabla ya masomo. Hatukugombana sana juu ya jambo hilo, lakini msumari haukutolewa. Kila nikienda nyumbani naukuta umebeba kalenda: ya chama, ya duka la dawa za mifugo, moja ya mwaka 2022 iliyokaa pale mpaka 2024. Nilikuwa nakaa kiti ambacho kinaupa mgongo.

Nilipohama mara ya mwisho, nilimpelekea mathe ile fremu anitunzie wiki mbili tu. Aliishika kwa mikono miwili akaisogeza dirishani. Akagusa mbao.

“Hii umenunua wapi?”

“Nimetengeneza.”

Akanyamaza. Akasoma posta taratibu, majina yote, mpaka akafika kwa langu. “Hapa ni wewe?” Nikasema ndiyo, ni ile shoo ya kanisani. Hakuwa ameijua. Sikuwa nimewahi kumwambia.

“Na hiyo kona ilienda wapi?”

Nikamsimulia yote, selotepu, mkokoteni, rangi ya krimu. Alicheka kidogo, akasema, “Landilodi ni landilodi.” Halafu akaenda jikoni kuchochea chai.

Niliporudi baada ya wiki mbili, kalenda ilikuwa imehamia nyuma ya mlango wa jikoni. Fremu ilikuwa kwenye msumari, kando ya dada. Nikasema nimekuja kuichukua. Mathe hakuinua macho kutoka kwa mboga aliyokuwa akichambua. “Si unajua kutengeneza? Tengeneza nyingine.”

Basi ikabaki. Nilipiga picha nikaituma Qatar, na safari hii sikuwa na namna ya kuficha kona. Beste yangu alikaa kimya siku nzima. Jioni akajibu kwamba akija likizo atatia sahihi tena, kwenye ile manila nyeupe pale kona ilipokuwa.

Kwa hivyo nyuma ya fremu hiyo sijabandika kitu. Ni misumari minne tu. Inatoka kwa ncha ya kisu.